Hundi ya Meneja Katana

Mwaka wa 1998, mtu akitaka unga pale Garsen alikuwa na njia mbili. Anunue wa paketi dukani, au abebe mahindi yake kwa Mapenzi. Wengi wetu tulikwenda kwa Mapenzi, na si kwa sababu ya bei peke yake. Alikuwa na namna yake ya kupokea debe la mtu. Aliingiza mkono hadi kiwiko, akatoa konzi ya mahindi kutoka chini kabisa, akayanusa, kisha akakwambia kwa sauti ya chini, bila kukuaibisha mbele ya wenzako, kama yamekauka au bado. Yakiwa mabichi alikurudisha nyumbani.

"Anika siku moja zaidi," angesema. "Nikiyasaga leo utanilaumu kesho."

Alikuwa Mgiriama. Alikuja na mumewe kutoka upande wa Malindi mwaka wa sabini na tano. Walilima kwanza, kisha mume akapata kazi kwenye mashamba ya pamba kule Hola, akaweka akiba hadi akanunua injini ya dizeli na kinu chake kutoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifunga duka Malindi. Mume alipofariki mwaka wa tisini na moja, watu walidhani mashine itauzwa kabla matanga hayajaanuliwa. Kiti, mdogo wa marehemu, alimleta mnunuzi. Mapenzi aliwapa chai, akawaambia atafikiri, na kesho yake asubuhi tukasikia injini inanguruma. Alikuwa ameiwasha mwenyewe. Tangu siku hiyo alijifunza kila kitu chake: kubadilisha mkanda, kuchuja dizeli kwa kitambaa, kunoa nyundo za kinu. Alikuwa akizungumza na wateja huku sikio moja liko kwenye injini, na mara nyingine alikatiza maneno katikati, akaenda kukaza nati ambayo hakuna mwingine aliyejua kwamba imelegea.

Mashine ilimsomeshea binti yake wa pekee, Florence, hadi akawa muuguzi katika zahanati moja upande wa Kinakomba. Lakini ilimchukulia bega. Mwaka wa tisini na sita hendeli ya kuzungushia injini ilimponyoka wakati wa kuwasha, ikarudi kwa nguvu, ikamtegua bega la kulia. Lilirudishwa mahali pake, ila halikuwa tena bega la kupigia hendeli. Alijifunza kutumia mkono wa kushoto. Kila asubuhi alipiga mara nne au tano kabla injini haijashika, na sisi tuliokuwa kwenye foleni tulitazama pembeni, kwa maana alikataa kabisa kusaidiwa.

Kisha yakaja mafuriko ya Elnino. Maji yaliingia Garsen mwishoni mwa tisini na saba, yakakaa miezi. Mapenzi aliifungua injini nati moja baada ya nyingine, akaomba wanaume sita wa jirani waiinue juu ya mapipa na mbao, akaifunika turubai. Nyumba yake ya udongo ilianguka upande mmoja. Injini haikuguswa na tone. Maji yalipopungua na watu wakarudi kupanda, aliirudisha chini, akaiwasha. Jioni ya siku hiyo alikwenda kwa rafiki yake Abdia, akamwambia kwamba ameamua kuuza.

Abdia alikuwa Muorma mwenye duka la jumla karibu na posta, na duka lake lilikuwa na simu, ile ya kuzungusha, yenye kufuli ndogo kwenye tundu la namba ili wapitaji wasipige bure. Yeye na Mapenzi walikuwa wameishi jirani miaka kumi na saba.

"Na ukiuza utafanya nini?" Abdia alimuuliza.

"Nilisomea kushona kwa masista nikiwa msichana," Mapenzi akasema. "Nitanunua cherehani mbili. Miguu yangu ni mizima. Na nyumba nitaijenga upya, pale juu kwenye mwinuko."

Wanunuzi wa Garsen walikuwa wamepoteza mengi kwenye maji, na hakuna aliyefika bei. Mwezi wa Julai Florence alipokwenda Mombasa kwa mafunzo ya kazi, alipeleka tangazo dogo gazetini: injini na kinu, hali nzuri, shilingi elfu themanini na tano, na namba ya simu ya duka la Abdia.

Baada ya siku tano simu ikalia. Abdia alituma neno, na Mapenzi akaja mbio, nyusi zote nyeupe kwa unga.

Sauti ya mwanamume ilimwamkia kwa Kigiriama. Ilimuuliza habari za nyumbani, habari za mafuriko, na ilitaja vijiji viwili karibu kabisa na alikozaliwa. Mtu huyo alisema anaitwa Katana, meneja wa kampuni moja ya nafaka iliyoko Mombasa, na kwamba anahitaji mashine haraka kwa ajili ya tawi jipya. Bei ni sawa. Atatuma hundi ya benki, ile inayoandikwa na benki yenyewe, na baada ya hapo atatuma lori.

"Hundi ya benki ni sawa na noti mkononi, dada," alisema. "Hiyo haidundi."

Mapenzi alirudi kwenye kinu akiwa na furaha, na furaha hiyo ilidumu mpaka jioni. Alipokuwa akifagia sakafu, alisimama, akaegemea ufagio. Kisha akaenda kwa Abdia.

"Yule bwana hakuniuliza injini ni ya nguvu gani," alisema. "Hakuuliza inakula dizeli kiasi gani. Wala hakuniomba nipunguze hata shilingi moja."

"Labda ana pesa," Abdia akasema.

"Mwenye pesa ndiye anayebishana zaidi. Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa nikizungumza naye nilisikia sarafu ikidondoka ndani ya simu, kama zile za vibanda vya barabarani. Mara tatu. Alisema yuko ofisini kwake, na katibu wake ameketi hapo anaandika."

Abdia alicheka kidogo, akasema huenda simu za siku hizi zina milio yake. Mapenzi hakubishana. Alitaka sana kuamini. Mtu aliyetaja vijiji vya kwao, kwa lafudhi ya kwao, hawezi kuwa mgeni kabisa. Hayo ndiyo aliyojiambia, na alituambia baadaye bila kuona haya.

Wiki iliyofuata barua ikafika kwa rejista. Karatasi ya kampuni ilikuwa nzuri, yenye nembo ya shayiri, na ndani yake hundi ya rangi ya kijani. Lakini hundi haikuandikwa elfu themanini na tano. Iliandikwa elfu mia moja na ishirini.

Siku hiyohiyo Meneja Katana akapiga simu. Alicheka kwa upole. Mhasibu wake, alisema, amechanganya malipo ya mashine na gharama za safari. Hakuna shida. Jumamosi lori litafika. Mapenzi atoe ile elfu thelathini na tano iliyozidi, aitie kwenye bahasha, ampe dereva pamoja na mashine.

"Lakini hundi bado sijaipeleka benki," Mapenzi akasema.

"Ipeleke wakati wowote, dada. Hundi ya benki. Wewe toa zile za kwako kwanza, halafu utajilipa. Dereva hana pesa ya njiani, usimwache akwame."

Na mle ndani ya simu, sarafu ikadondoka tena.

Habari zilimfikia Kiti kabla ya magharibi. Kiti alikuwa mtu mwema, mwenye haraka ya kila kitu. Alikuja na kuketi juu ya gunia.

"Shemeji, hii ni bahati," alisema. "Nimeuza fahali wangu juzi. Nina elfu nane nitakuongezea. Wewe una akiba. Zilizobaki tutakopa kwa Abdia kwa siku mbili tatu. Ukichelewa, mtu huyo atanunua kwingine."

"Basi anunue kwingine."

"Miaka miwili unaniambia bega linakuuma."

"Linauma," Mapenzi akasema. "Lakini kesho nitakwenda Malindi kwanza."

Wakati huo mabasi ya kwenda Malindi yaliondoka kwa msafara, askari mbele na nyuma kwa hofu ya majambazi, na barabara ilikuwa bado ina mashimo ambayo mafuriko yaliyaacha. Alifika benki ikiwa imebaki saa moja kufungwa. Karani aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mapenzi alimpa hundi na kitabu chake cha akiba, kisha akamweleza kila kitu, na mambo ya sarafu pia, ingawa aliona aibu kuyasema.

Karani aliigeuza hundi, akaitazama kwa nuru ya dirisha.

"Mama, mimi naweza kuipokea leo na kuiandika," alisema. "Ila usihesabu kwamba umelipwa. Hundi hii ni ya benki nyingine, ya mji mwingine. Itasafiri mpaka kwao, waseme kama ni yao, ndipo irudi. Siku kumi na nne, pengine zaidi. Kabla ya hapo ulichonacho ni karatasi."

"Hata ikiwa ni ya benki?"

"Hata hiyo. Kuna watu wanaziiba zikiwa tupu, wengine wanazichapisha. Na ukishampa mtu noti zako kwa ajili ya hundi iliyokataliwa, benki haitakurudishia. Itakwambia ulitoa mwenyewe."

Alimuuliza kama angependa wapige simu kwenye ile benki iliyotajwa. Mapenzi akatoa barua, akamwonyesha namba zilizochapishwa chini ya nembo. Karani alitikisa kichwa.

"Sitapiga hizo. Atakayepokea hapo ni rafiki yake. Nitatafuta namba kwenye kitabu chetu."

Laini ya Mombasa haikupatikana mchana huo. Karani aliahidi kuendelea kujaribu, akaandika namba ya duka la Abdia. Mapenzi alilala kwa binamu yake pale Malindi, akarudi Garsen kesho yake akiwa na stakabadhi na wazo moja tu kichwani: siku kumi na nne.

Meneja Katana alipopiga Ijumaa, alimweleza hivyo. Mashine itaondoka hundi ikishakubaliwa. Sauti ya simuni ilibadilika. Kwanza ilimbembeleza, ikamwambia atamwongezea elfu tano kwa usumbufu. Kisha ikamkumbusha kwamba wao ni watu wa nyumbani mmoja. Mwisho ikawa kali: lori limeshakodiwa, liko njiani, na kampuni itamshtaki kwa kuvunja mapatano.

Abdia, aliyekuwa ameketi mkabala na meza, alimwona rafiki yake akihamishia mkonga wa simu sikio la pili. Sauti yake ilikuwa ile ya kumrudisha mtu na mahindi mabichi.

"Nishtaki, ndugu yangu," alisema. "Mahakama iko. Mashine utaikuta papa hapa."

Alirudisha simu mahali pake, akaomba maji.

Jumamosi, saa nne asubuhi, lori likafika kweli. Dereva alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye kofia ya kufuma, na jina lake Adan. Alisalimia vizuri, akauliza mashine iko wapi na bahasha iko wapi. Kiti na wanaume wengine walikuwa wamekusanyika. Kiti alikuwa na fimbo.

Mapenzi alimwangalia yule dereva, akaangalia na magurudumu ya lori, yaliyojaa tope mpaka kwenye vyuma. Akamwambia Kiti aweke fimbo chini.

"Umekula?" alimuuliza Adan.

"Bado, mama."

Alimpa sima na samaki wa kukaanga, akaketi mbele yake wakati anakula, na hapo ndipo alipomweleza kwamba hakuna bahasha na wala mashine haitapakiwa. Adan aliacha kutafuna.

"Mama, sasa mimi nitalipwa na nani?"

Ikatoka habari yote. Lori lilikuwa la mjomba wake. Mtu mmoja alimkuta kwenye kituo cha malori Malindi, akajiita Meneja Katana, akakubaliana naye elfu kumi na mbili kwa safari ya Garsen na kurudi mpaka Mombasa. Hakumpa hata senti ya mafuta. Alimwambia malipo yatakuwa ndani ya bahasha atakayopewa na mama wa Garsen. Achukue zake, zilizobaki amletee pamoja na mashine kwenye kituo cha petroli kimoja kule Kisauni. Adan alijaza dizeli kwa pesa yake, na nyingine alikopa.

"Kwa hivyo tuko wawili," Mapenzi akasema.

Kiti alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye alikiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza kufahamu mpango ulivyokuwa. Mwizi asingekanyaga Garsen. Angepata mashine na elfu ishirini na tatu juu yake, na watu wa Garsen wangebaki wakimlaani dereva.

Walikwenda wote kituo cha polisi, Mapenzi, Adan, Abdia na Kiti. Mkuu wa kituo alisikiliza hadi mwisho, akaandika, akaomba barua na bahasha yake yenye mhuri wa posta. Alisema amesikia kisa kama hicho miezi mitatu nyuma: mvuvi wa upande wa kusini aliuza mashine ya boti kwa hundi iliyozidi, akarudisha chenji kwa dereva, na hundi ilipokataliwa alikuwa hana mashine, hana chenji, na ana deni.

"Wewe ulijuaje?" alimuuliza Mapenzi.

"Sikujua," alijibu. "Nilikataa tu kufanya haraka."

Jumatatu asubuhi karani wa Malindi akapiga simu dukani. Amewapata wenzake wa Mombasa. Namba ya ile hundi ilikuwa kwenye kitabu kilichoibwa mwaka uliotangulia. Haina thamani yoyote. Mapenzi alimshukuru, akaketi kwenye kreti ya soda, akavuta pumzi ndefu. Abdia anasema alilia kidogo, kisha akafuta macho kwa upindo wa leso na kuuliza kama kuna chai.

Polisi walitaka kumtega yule mtu. Adan alikubali kwenda mpaka kile kituo cha petroli, askari wawili wenye nguo za kiraia wakiwa wamejificha karibu, na bahasha iliyojaa vipande vya gazeti. Wakangoja mchana kutwa. Hakuna aliyekuja. Inawezekana alipita, akaliona lori halina injini mgongoni, akaendelea na safari yake. Hakupatikana, wala hatujasikia kwamba amepatikana hadi leo.

Lakini kabla Adan hajaondoka Garsen, Mapenzi hakumwacha aende na lori tupu. Alizunguka na Abdia kutoka duka hadi duka. Wakapata magunia ya mchele wa Ozi, ngozi, na mikeka ya akina mama, vyote vilivyokuwa vikingoja usafiri tangu barabara iharibike. Nauli ya mizigo ilimrudishia Adan dizeli yake na juu kidogo. Alipokuwa anapakia, aliomba aonyeshwe hiyo mashine iliyomletea taabu. Mapenzi akaiwasha kwa mkono wa kushoto. Adan alisimama akiisikiliza, akauliza maswali mengi: ni ya nguvu gani, inasaga magunia mangapi kwa siku, inakula dizeli kiasi gani. Mapenzi aliyajibu yote, na alituambia kwamba alifurahi kuulizwa.

Wiki zile za Agosti hadithi ilisagwa pamoja na mahindi. Kila aliyeleta debe aliisikia, na Mapenzi hakujipamba. Alisema wazi kwamba alikaribia kutoa pesa, na kwamba sauti ya Kigiriama ndiyo iliyomlainisha. Abdia alibandika karatasi ukutani juu ya simu, kwa maandishi makubwa, inayomwambia kila muuzaji asitoe mali wala chenji mpaka benki yenyewe iseme pesa imeingia, na asipige namba aliyopewa na mnunuzi. Mwezi uliofuata mwalimu mmoja aliyekuwa akiuza pikipiki yake alipata simu kutoka kwa mtu mwenye adabu nyingi, aliyekuwa tayari kutuma hundi yenye kuzidi. Mwalimu aliisoma ile karatasi akiwa bado ameshika simu sikioni. Akamwambia mtu huyo alete noti, na mtu huyo akakata.

Mwanzoni mwa Oktoba Adan alirudi, safari hii na shangazi yake. Ikran alikuwa mama mwenye duka kule Bangale, mnene kidogo, mwenye macho makali na kicheko cha ghafla. Adan alikuwa amemsimulia habari za mashine, na kwao watu walisafiri mbali sana kutafuta pa kusagia. Alikuja na gunia lake mwenyewe la mahindi.

"Nimeambiwa wewe hudanganyiki," alimwambia Mapenzi. "Mimi pia. Usikasirike nikikuuliza maswali."

"Uliza."

Aliuliza kwa muda wa saa mbili. Alitaka mahindi yake yasagwe mbele yake, akausugua unga kati ya vidole. Alitaka injini izimwe, ipoe, iwashwe tena. Alitaka bei ipungue, na wakabishana kwa raha, kila mmoja akiinuka kuondoka mara mbili, hadi wakafika elfu themanini na moja. Pesa alikuwa nayo, noti, zimefungwa kiunoni. Lakini alisema anaogopa: je, akilipa zote hapa, na mashine ifike Bangale ikatae kuwaka?

Kiti alifungua kinywa kusema kwamba hilo ni tusi. Mapenzi akamzuia.

"Ana haki," alisema. "Na mimi pia naogopa. Nikiruhusu mashine iende bila malipo, nitaifuata wapi?"

Wakakubaliana hivi. Nusu ililipwa siku hiyo ndani ya posta. Karani aliihesabu mbele yao wote wawili na kuiingiza kwenye akiba ya Mapenzi. Nusu ya pili Ikran angeitoa Bangale, mashine ikishasaga gunia la kwanza. Na Mapenzi mwenyewe angesafiri nayo.

Hakuwa amewahi kufika mbali kupita Hola. Alikaa mbele kwenye lori la Adan, katikati yake na Ikran, siku mbili za vumbi, na aliporudi hakuishiwa maneno ya kutusimulia: makundi ya ng'ombe yanayofunika barabara nzima, visima, maziwa ya ngamia aliyoyanywa kwa kuogopa kisha akaomba tena. Alikaa Bangale siku sita. Alimfundisha Ikran kushika hendeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi isimvunje. Alimfundisha kunusa mahindi. Siku ya tatu Ikran aliwasha mwenyewe, akapiga kicheko chake, na watu waliokuwa wamekusanyika wakapiga makofi. Gunia la kwanza lilisagwa. Nusu ya pili ikatolewa papo hapo, bila kukumbushwa.

Adan ndiye aliyemrudisha Garsen, kwa msafara wa malori manne, na posta walimwandikia zile zilizobaki.

Nyumba ilimalizwa kabla ya Krismasi, vyumba viwili, mabati, kwenye mwinuko aliouchagua. Cherehani mbili za miguu zilikuja kutoka Malindi. Ya pili aliikalia Hawa, fundi aliyekuwa amepoteza kibanda chake kwenye mafuriko, na wakaanza na sare za shule, kwa kuwa Januari ilikuwa karibu. Bega lilipumzika. Kiti naye aliwapelekea kazi, suruali ya kitambaa kizito ambayo, kwa haraka zake, alikuja kuiulizia mara nne kwa siku.

Nilipita hapo mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Binti wa Abdia alikuwa anaolewa, na meza nzima ilikuwa imejaa kitambaa cha zambarau. Abdia alikuwa ameketi karibu na dirisha akimenya machungwa. Mapenzi alikuwa na pini tatu mdomoni na miwani mpya puani. Alinionyesha kiti kwa kidevu, akaendelea kupima, na walipokwisha kubishana kuhusu urefu wa mikono, waliniuliza mimi. Nikasema irefuke kidogo. Wote wawili wakakataa.

Nje mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Hawa alisogeza cherehani yake mbali na mlango, akaendelea kushona.